UZI: Leta wimbo mmoja, sema sikio litegwe wapi. Na orodha zako unazipangaje?

Mtega Sikio

Wakuu, salaam kwenu.

Mtu akiomba apendekezewe nyimbo, anachopewa ni majina. Msanii na wimbo, msanii na wimbo, ishirini hivi, kila mchangiaji na fungu lake. Mwombaji anashukuru, anahifadhi yote, anafungua mawili, wa tatu anauruka kabla kiitikio hakijaingia, habari inaishia hapo. Nyimbo zenyewe huenda ni nzuri kweli. Ila jina tupu halimwambii mtu aingilie mlango gani.

Kwa hiyo hapa sharti ni moja. Leta wimbo au albamu, kisha useme sikio litegwe wapi: ala ipi, dakika ipi, mwimbaji anafanya nini. Na utuambie unausikiliza ukiwa katika shughuli gani. Atakayemwaga majina kumi bila maelezo nitampita kimyakimya, asinune.

Naanza mimi. "Mario" wa Franco na bendi yake ya TPOK Jazz, 1985. Unapita dakika 10, na wengi wasiojua Kilingala huufungua, wakakuta mtu anaongea kuliko anavyoimba, wakatoka. Usitoke. Ni malalamiko ya mwanamke dhidi ya kijana anayekula jasho lake. Madilu System ndiye anayebeba uimbaji, Franco anaingia kama mtu aliyekaa pembeni na hawezi kuzuia mdomo wake. Maneno yakikushinda, fuata magitaa. Hakuna gitaa hapo linalofanya jambo gumu peke yake. Kila moja lina kipande kifupi linachokirudia, na utamu unapatikana pale vipande vinapopishana. Chagua gitaa moja uliandame tangu mwanzo, ukichoka hamia jingine. Wimbo mrefu utakuwa mfupi ghafla.

Mimi huusikiliza nikiwa na kazi ya mikono isiyotaka akili: kuosha vyombo, kupanga kabati, kukunja nguo.

Hapo ndipo napata swali langu la pili. Siku hizi nimeacha kupanga orodha kwa aina ya muziki. Orodha iliyoandikwa "Rumba" au "Jazz" ni ghala. Ghala ni muhimu, bila ghala utatafuta wimbo mpaka uchoke, lakini ghala halisikilizwi. Linalosikilizwa lina mwanzo, lina mwisho, na limepangwa kwa ajili ya jambo fulani. Ninyi mnafanyaje?

Besi Nzito

Nakazia hoja ya ghala.

Wangu ni "So What", wimbo wa kwanza kwenye albamu ya *Kind of Blue* ya mpiga tarumbeta Miles Davis, 1959. Watu huambiwa "sikiliza jazz", wanaruka moja kwa moja kwenye tarumbeta. Mimi nasema anza na besi. Piano na besi zinatangulia kwa utulivu, kama vile bado hawajaamua. Halafu Paul Chambers anauliza kwa besi, na wenzake wanajibu kwa noti mbili tu. Swali, jibu. Swali, jibu. Katikati wanapanda nusu hatua, yaani hadi noti ya jirani kabisa, kisha wanarudi walikotoka. Karibu dakika moja na nusu mpiga ngoma Jimmy Cobb anagonga tasa, ile sahani ya shaba, na Miles anaingia juu ya mlio huo. Ukishaisikia tasa hiyo mara moja, kila ukiusikiliza utakuwa unaingoja.

Angalizo moja, na nitalirudia humu mpaka mnichoke: msisikilize kwa spika ya simu. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa mapigo 41 kwa sekunde. Kile kispika cha simu hakiwezi kusukuma hewa ya sauti nzito hivyo. Unachosikia ni kivuli cha besi. Hedifoni za kawaida kabisa zinashinda simu ya bei mbaya.

Fungu Zima

Mimi sina muda wa maelezo marefu. Nimeweka kiungo cha orodha yangu yote kwenye wasifu, nyimbo 412, jichagulieni.

Mtega Sikio

Mkuu Fungu Zima, karibu, lakini hilo ndilo ghala tunalolisema. Katika hizo 412 nyumba ingeungua ungekimbia na upi? Tuletee huo.

Mgeni wa Noti

Habari zenu. Mimi naomba msaada zaidi ya kuchangia. Kwa miaka nimekuwa nikibonyeza alama ya moyo kwenye kila wimbo ninaoupenda. Sasa zimekuwa nyingi mno, nikifungua sijui nianze wapi, kwa hiyo nabonyeza kuchanganya. Na hapo kuna jambo linanikera: kitufe cha kuchanganya kina msanii wake kipenzi. Anapiga wimbo wa mtu fulani, anafuata mwingine wa mtu huyohuyo, mara tatu, wakati wapo kibao. Hivi hawa wenye programu wanalipwa kumsukuma fulani?

Kokotoo

Mgeni, kwa uchanganyaji wa kawaida huhitaji hongo kupata matokeo hayo. Hesabu yenyewe inatosha.

Chukua orodha ya nyimbo 30, kati yake 10 ziwe za mwimbaji mmoja. Zichanganye kwa bahati tupu. Uwezekano wa kutokuta hata mahali pamoja nyimbo zake mbili zikifuatana ni kama asilimia 1. Yaani michanganyo 99 kati ya 100 itakuwa na sehemu anayojirudia. Punguza ziwe 5 kati ya 30, bado zaidi ya nusu ya michanganyo itakuwa hivyo. Bahati haina kumbukumbu, haijui kwamba imeshampiga huyo dakika nne zilizopita. Sisi ndio tunaosikia mfuatano tukaanza kutafuta mkono wa mtu.

Malalamiko kama yako yamewasumbua wahandisi kwa miaka. Mwaka 2005 Apple waliweka kwenye iTunes chaguo la kuzitenganisha nyimbo za msanii mmoja, na mwaka 2014 Spotify walieleza hadharani kwamba wamebadilisha mpango wao ili nyimbo za mtu mmoja zitawanywe kwa umbali unaokaribiana. Kwa maneno mengine, ili ionekane ni bahati ilibidi bahati ipunguzwe. Kama programu yako bado inachanganya kwa mtindo wa zamani, dawa ni ndogo: usiweke zaidi ya nyimbo mbili za mtu mmoja kwenye orodha fupi.

Nyimbo ambazo programu inakuongezea yenyewe baada ya orodha yako kwisha ni habari nyingine. Huko usiniulize nani analipa nani.

Mgeni wa Noti

Asilimia moja?! Basi nilikuwa namchukia bure.

Mama Kinanda

Hamjambo wanangu. Nimesoma kimya, sasa nami nachangia.

Naleta kitu kimoja kilichopigwa mara mbili. Mwaka 1741 Johann Sebastian Bach alichapisha kazi ambayo leo inajulikana kwa jina la Goldberg: wimbo mfupi wa kinanda, kisha namna 30 za kuuzungukia, mwishoni ule wa mwanzo unarudi vilevile. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliirekodi mwaka 1955 akiwa na miaka 22. Akairekodi tena 1981, na mwaka uliofuata akafariki. Ya kwanza ni kama dakika 38, ya pili kama 51. Tofauti hiyo kwa sehemu inatokana na vipande alivyochagua kurudia safari ya pili, kwa hiyo msilinganishe jumla. Linganisheni ule wimbo wa mwanzo peke yake. Mwaka 1955 haufiki dakika 2. Mwaka 1981 unapita dakika 3. Noti ni zilezile. Kijana anazipitia akijua aendako, mtu mzima anaiacha kila noti izimike kidogo kabla hajagusa nyingine.

Mtasikia pia mtu anaguna nyuma ya piano. Msikimbilie kulaumu hedifoni, ni Gould mwenyewe, hakuweza kupiga akiwa amefunga mdomo.

Na kuhusu kupanga, mimi nina orodha ninazoziita za jozi. Wimbo mmoja, watu wawili, au mtu mmoja katika umri mbili. Nyimbo mbili tu, basi. Hakuna kilichonifundisha kusikiliza kuliko hizo. Ukisikia wimbo mara moja unasikia wimbo. Ukiusikia kwa mikono miwili tofauti ndipo unaanza kumsikia mpigaji.

Besi Nzito

Shikamoo mama. Hilo la jozi nalichukua leo leo.

Mama Kinanda

Marahaba baba.

Fungu Zima

Haya, nimebanwa, nimechagua. Fela Kuti wa Nigeria, "Zombie".

Nawaambia mtege wapi. Tony Allen kwenye ngoma. Wapiga ngoma wengi mikono na miguu yao inasema jambo moja. Yeye kila kiungo kina neno lake, na bado hayagongani. Magitaa yanakaa kwenye kipande kimoja bila kuchoka, vyombo vya upepo vinaingia kwa pamoja vikiwa vikali, saksafoni inazurura. Fela mwenyewe haimbi kwa dakika nyingi. Sauti yake inapoingia umeshasahau kwamba wimbo huu una mwimbaji. Hapo anaanza kuwatolea wanajeshi amri na waitikiaji wanamjibu, dhihaka tupu. Unapita dakika 12.

Nausikiliza nikitembea haraka. Na nimegundua kwa nini sikuwahi kuuweka kwenye orodha na nyimbo nyingine: kila unaofuata baada yake unaonekana mdogo.

Mtega Sikio

Unaona sasa! Mistari hii michache imenipa hamu ambayo zile 412 hazikunipa. Na umegusa jambo: baada ya wimbo mrefu wenye nguvu, usiweke mwingine wenye nguvu. Weka sauti moja na ala moja. Sikio lipumzike ndipo lisikie tena.

Santuri Mbovu

Wakuu, nimechelewa, mniwie radhi nitaandika sana. Kuna mambo matatu yananikaa kooni kila nikiona watu wanapanga nyimbo za zamani kwenye simu.

La kwanza ni urefu. Mnaongelea wimbo mrefu na mfupi kana kwamba wanamuziki walichagua tu. Chombo ndicho kilichoamua. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika, ya inchi 10, ilibeba kama dakika 3 kwa upande. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, utenzi ulibidi utoshe humo. Mwaka 1948 ikaja santuri kubwa ya mizunguko 33, dakika ishirini na kitu kila upande, mwaka uliofuata ikaja ile ndogo ya 45. Kanda za kaseti za Philips zikatoka 1963, ile ya dakika 90 ilikuwa na 45 kila upande. CD ya 1982 ikafikisha dakika 74. Sasa hakuna kikomo, na hiyo ndiyo sababu ya Mgeni wa Noti kuzama kwenye mioyo yake. Chukua kikomo cha watu wa kaseti ukitumie hata kama hakuna anayekulazimisha. Upande mmoja, dakika 45. Kila wimbo unaotaka kuingia ni lazima umtoe mwenzake. Utashangaa unavyoanza kupima.

La pili ni vipande. Bendi nyingi za rumba na za dansi zilikuwa na wimbo wa dakika saba au nane, lakini sahani ya 45 haikuweza kuubeba upande mmoja. Wakaukata: sehemu ya 1 upande huu, sehemu ya 2 upande wa pili. Ukikaa na santuri unageuza tu. Lakini aliyekuja kuuhamishia kwenye kompyuta ameweka faili mbili. Matokeo yake mtu anaipenda sehemu ya 1, yenye uimbaji, hajawahi kusikia sebene lote, ile sehemu ya kucheza inayoongozwa na magitaa, kwa kuwa liko kwenye faili nyingine ambayo pengine hana. Au anabonyeza kuchanganya, linaanza sebene, nusu saa baadaye ndiyo inakuja hadithi. Ukikuta wimbo wa zamani unafifia ghafla palipokolea, tafuta nusu yake. Ukizipata zote, ziunganishe kwa programu ya kuhariri sauti, Audacity inatosha na haina malipo. Kata ukimya katikati, usikate pumzi ya mwimbaji.

La tatu, majina. Mmewahi kuona faili ambalo jina la wimbo limekatika katikati ya neno? Lebo za mwanzo za faili za MP3 zilitoa nafasi ya herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii, 30 kwa albamu. Bendi yenye jina refu ikapoteza mkia, na makosa hayo yamekuwa yakinakiliwa kutoka simu hadi simu mpaka leo. Lebo za baadaye hazina ufinyu huo, kwa hiyo yarekebisheni. Na msiishie kwenye jina. Andikeni mwaka wa kurekodiwa na jina la bendi. Wanamuziki wengi wa zamani walirudi studio miaka mingi baadaye wakarekodi upya nyimbo zao zilezile, safari hii na kinanda cha umeme na ngoma za mashine. Jina ni moja, sauti inafanana, mahaba hayafanani. Usipoandika mwaka utampendekezea mtu wimbo mzuri, yeye akakuta ule mwingine, akakuona huna sikio.

Kokotoo

Santuri Mbovu umemaliza. Hilo la kurekodi upya ndiyo chanzo cha nusu ya ubishi wa muziki duniani. Watu wawili wanagombana kuhusu wimbo mmoja, kumbe wana rekodi mbili.

Nyongeza kwa wanaotunza mafaili yao wenyewe. Orodha ya M3U ni maandishi tu. Ndani hamna muziki, mna anwani: wimbo huu uko folda fulani. Ukihamisha folda, orodha inabaki inaelekeza nyumba iliyobomolewa. Hifadhi orodha kwenye folda ileile ya nyimbo, kisha uzihamishe pamoja.

Besi Nzito

Na hizo kazi zote za nini? Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Nalipia kila mwezi, natafuta, nasikiliza. Kutunza mafaili ni uraibu wa wazee, samahani Santuri.

Santuri Mbovu

Sijakasirika. Fungua orodha yako ya zamani kabisa uhesabu mistari iliyogeuka kijivu. Mkataba kati ya mwenye wimbo na mwenye huduma ukiisha, wimbo unaondoka, na hakuna anayekuaga. Wakati mwingine unarudi kwenye albamu nyingine, ukiwa ni rekodi nyingine. Mimi sikukatazi kulipia. Nasema nakili majina ya orodha zako kwenye maandishi ya kawaida, msanii, wimbo, albamu, mwaka. Wimbo ukiondoka utajua ulipoteza nini. Sasa hivi mstari wa kijivu ukifutika huwezi hata kukumbuka.

Besi Nzito

Nimehesabu. Nimenyamaza.

Kibwagizo

Mimi naomba ufafanuzi wa kitu kidogo. Nikichanganya nyimbo za zamani na mpya, za zamani zinasikika kwa mbali, napandisha sauti, mpya ikiingia inanipasua masikio. Nifanyeje?

Kokotoo

Tafuta kwenye mipangilio ya programu yako chaguo la kusawazisha sauti. Nyimbo nyingi za kuanzia miaka ya 1990 zilibanwa studio ili kila sehemu ipige kwa nguvu, utulivu na kelele vikakaribiana. Za kabla ya hapo ziliachiwa nafasi ya kupanda na kushuka. Ukiwasha usawazishaji, programu inapima kila wimbo na kuuteremsha au kuupandisha ufike kiwango kimoja. Spotify wao kwa kawaida wanalenga LUFS 14 chini ya sifuri, LUFS ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Kwa mafaili yako mwenyewe kuna mpango uitwao ReplayGain, wa tangu 2001, unaoandika kipimo hicho kwenye lebo bila kugusa sauti yenyewe.

Ila kuna njia mbili za kusawazisha: kwa wimbo na kwa albamu. Kwenye orodha mchanganyiko tumia ya wimbo. Ukisikiliza albamu nzima tumia ya albamu, la sivyo ule wimbo mpole ambao msanii alitaka uwe mpole utapandishwa ulingane na wenye makelele. Na rekodi za jukwaani, ambazo makofi yanaunganisha wimbo na wimbo, hakikisha umezima lile chaguo la kufifisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata.

Kibwagizo

Asante sana mkuu. Na mimi nilipe deni langu: Cesária Évora, "Sodade", kwenye albamu ya *Miss Perfumado*, 1992. Ni morna ya Cape Verde, wimbo wa watu walioondoka na hawakupenda kuondoka. Sijui neno hata moja la Kikrioli. Tega jinsi hasukumi sauti. Waimbaji wa huzuni wengi wanapanda ili tuwaonee huruma, yeye anabaki palepale, ala ndogo za nyuzi ndizo zinazotapatapa.

Mtega Sikio

Umechokoza mjadala ninaoupenda. Je, wimbo usioelewa maneno yake unaujua kweli? Mimi nasema hapana. Unaujua nusu. "Mario" bila kujua kwamba ni ugomvi unaweza kuuchezea kwenye harusi.

Mama Kinanda

Watu wanauchezea wakiwa wanaelewa maneno pia, mwanangu. Muziki haukuomba ruhusa ya kamusi. Ila nakubaliana nawe kwa upande mmoja: ukishaupenda, tafuta maana. Anza kwa sikio, kamusi ifuate. Anayeanza na kamusi anasoma, hasikilizi.

Fungu Zima

Mama amefunga kesi.

Mgeni wa Noti

Wakuu, nimefuata ushauri wenu na nimerudi na kazi. Orodha ya kumalizia siku, upande mmoja wa kaseti, dakika 45 zisizidi. Nimetoa wengi, nimeumia. Mpangilio: nimefungua na "So What", ikafuata "Sodade", halafu kipande kutoka *In the Heart of the Moon* ya Ali Farka Touré na Toumani Diabaté, gitaa na kora, kinubi cha Afrika Magharibi, 2005. Kisha "Mario", kwa sababu nilitaka joto kidogo katikati. Nikamalizia na ule wimbo wa Goldberg wa 1981. Zinabaki dakika kadhaa, sijui nijaze na nini.

Sikio kwenye ile ya Ali Farka na Toumani: walikaa chumba kimoja hotelini Bamako wakapiga bila mazoezi. Gitaa linakaa chini limetulia, kora inamwaga noti juu yake, na mara kwa mara unasikia mmoja anamsubiri mwenzake amalize sentensi.

Besi Nzito

Kijana amekomaa! Ila "Mario" hapo katikati itakuamsha. Siku imeshakwisha, unamkaribisha mtu wa kulalamika?

Mtega Sikio

Mimi ningemtanguliza. Anza na "Mario", upate joto ukiwa bado na nguvu, kisha "So What", kisha "Sodade", Ali Farka na Toumani, Goldberg. Mteremko mmoja bila kupanda tena. Orodha ya mbio ningeipanga kinyume.

Mama Kinanda

Na hizo dakika zilizobaki usizijaze. Kaseti zetu nyingi zilikuwa na ukimya mwishoni, hakuna aliyekufa.

Mgeni wa Noti

Nimebadilisha, "Mario" imekwenda mbele, dakika nimeziacha. Sasa kora imeniingia. Nani ana kora zaidi, bila gitaa?

Santuri Mbovu

*Kaira* ya Toumani Diabaté, 1988. Kora peke yake, hakuna kilichoongezwa juu. Nyuzi 21, na anatumia vidole vinne tu, gumba na cha shahada kwa kila mkono, vingine vimeshika chombo. Magumba yanashikilia besi na kile kipande kinachorudi, vya shahada vinateremka na yale maporomoko ya noti. Wimbo wa kwanza andama magumba tu, hadi uyasikie peke yake. Ukiyapata, rudia kwa vya shahada. Na ni ya hedifoni, kwa spika ya simu magumba hayatasikika, hapo Besi Nzito ana haki ya kutupigia kelele.